Fizikia ya mwaka wa kwanza chuoni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya nimeyaokota kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza niliokaa nao kwenye vipindi vya mazoezi kwa miaka sita, katika chuo kimoja cha Dar es Salaam: wa uhandisi, wa ualimu, wa jiolojia na wa fizikia yenyewe. Yanarudi kila mwaka, wiki ileile matokeo ya test ya kwanza yanapobandikwa. Mimi mwenyewe niliwahi kuingia UE (mtihani wa mwisho wa semesta) ya mekanika nikiwa na CA (alama za test na mazoezi ya semesta) ya 13 kati ya 40, nikala sapu, yaani mtihani wa marudio. Majibu mengine yametoka huko.

## Mshtuko wa test ya kwanza

1. Kidato cha sita nilikuwa na A ya fizikia. Mbona huku naambulia 12 kati ya 40?

Kwa sababu kilichokuwa kinapimwa kule sicho kinachopimwa huku. Kule ulikuwa na miaka miwili, muhtasari mmoja na rundo la pastipepa (mitihani ya miaka iliyopita). Ukisolvu maswali ya kutosha, swali la NECTA, baraza la mitihani, linakuja likiwa ndugu wa damu wa swali ulilokwisha kuliona. Unalitambua kwa sura, unajaza namba. Hiyo siyo dhambi, na ile A ni yako. Ila chuoni mekanika uliyoitafuna kwa miezi mingi inapita ndani ya wiki sita au saba, imeongezewa kalkulasi, na mhadhiri anatunga swali ambalo hakuna aliyelijua kwa sura. Anataka kuona kama unaweza kuanzia kwenye kanuni ukafika kwenye jibu.

Ndiyo maana kukesha na maswali yaliyokwisha kusolviwa hakukusaidii kama zamani. Nimeona watu wa kupiga msuli saa 8 kwa siku wakipitwa na wenzao wa saa 3. Tofauti yao iko kwenye Swali la 5 na la 6.

2. Labda sina kichwa cha fizikia tu?

Sijui kupima kichwa cha mtu. Ninachojua ni kwamba wengi walionijia na kauli hii walikuwa na tundu moja kati ya matatu: hesabu zimelegea (Swali la 4), hawajui swali linaanzwaje (Swali la 6), au wamebeba picha ya zamani ya kani (force) bila wao kujua (Swali la 8). Tafuta la kwako kabla ya kuongeza saa za kusoma. Mwenye tundu la hesabu akienda kukariri fomula atapata 12 tena. Langu lilikuwa la tatu, nikahangaika na la kwanza semesta nzima.

## Hesabu

3. Nilisoma PCB (fizikia, kemia, biolojia), hesabu yangu ni BAM (hesabu ya msingi). Nitaweza kweli?

Utaweza, ila utalipia. BAM ilikuonjesha kalkulasi. Mwenzako wa PCM (fizikia, kemia, hesabu) aliila kwa miaka miwili. Hakuzidi akili, amezidi mazoezi ya mkono. Ile dakika unayotumia kukumbuka namna ya kutofautisha t² yeye anaitumia kuwaza fizikia, na ndani ya pepa ya saa 3 dakika hizo zinajumlishana.

Nitasema na la upande wa pili, maana watu wa PCM hawaambiwi. Wao huwahi kuandika milinganyo kabla hawajachora chochote, wakatoka na jibu safi la swali ambalo halikuulizwa. Wanafunzi wa PCB nilionao kumbukumbu nzuri ni wale walioziba hesabu ndani ya mwezi wa kwanza, kisha wakaendelea na tabia yao ya kueleza jambo kwa maneno na michoro. Waliishia vizuri.

4. Ni hesabu ipi hasa ninayohitaji? Hesabu ni bahari.

Kwa semesta ya kwanza ni kisima, tena kifupi. Chukua karatasi, jipe dakika 15, fanya haya bila desa (notisi):

Kani ya 20 N inavuta kwa nyuzi 30 juu ya mlalo. Vipande vyake ni vipi? (17.3 N kwa mlalo, 10 N kwa wima.) Kitu kiko mahali x = 3t² − 4t, kwa meta na sekunde; kasi na mchapuko wake sekunde ya 2 ni ngapi? (8 m/s na 6 m/s².) Una T − mg = ma na Mg − T = Ma; ondoa T, utoe a. (Jibu ni (M − m)g/(M + m).) Kani inakua kadiri unavyovuta springi, F = 200x; kazi ya kuivuta kutoka 0 hadi meta 0.1 ni kiasi gani? (Joule 1, ambayo ni eneo la pembetatu chini ya mstari.)

Ukikwama kwenye zaidi ya moja, acha kusoma fizikia jioni kwa wiki mbili, usome hesabu tu: vekta, kutofautisha (differentiation) na kujumlisha (integration) fanksheni za t, sine, kosine na eksponensha, na kuhamisha herufi kwenye mlinganyo bila kuogopa kwamba hazina namba. Hilo la mwisho ndilo huangusha wengi kuliko kalkulasi. Mwanafunzi aliyezoea m = 5 kg akikutana na m tupu anahisi amenyimwa kitu.

## Wewe na swali

5. Darasani naelewa kila kitu. Nikikaa na swali peke yangu kalamu haiendi. Kwa nini?

Hili ndilo swali namba moja kwa wingi. Kumfuata mtu anayesolvu ubaoni ni kama kukaa siti ya mbele kwenye daladala ya Mbagala: njia unaiona yote, kona unazijua, lakini ukipewa usukani gari linazimika. Ulichokifanya darasani ni kutambua. Mtihani unadai ukumbuke na ujenge.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, wanasaikolojia wa Marekani, waliwapa wanafunzi matini ya kusoma; kundi moja lilisoma tena, jingine likaandika lilichokumbuka bila kuangalia. Walipopimwa baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima wakawaacha mbali. UE haiji baada ya dakika 5.

Kwa hiyo ukitoka kwenye kipindi, kabla hujalala, chukua mfano mmoja aliosolvu mhadhiri, funga desa, uuandike upya kwenye karatasi tupu. Utakwama mahali. Weka alama hapo, fungua, ona, funga tena, anza mwanzo. Dakika 40 za hivyo zinachosha kuliko saa 3 za kupaka rangi madesa, na utajihisi mjinga. Ndivyo ilivyo. Harvard mwaka 2019 walichapisha utafiti kwenye madarasa ya fizikia: waliojifunza kwa kusolvu wenyewe walipata alama zaidi ya waliosikiliza mhadhara mtamu, lakini walipoulizwa, walidhani wamejifunza kidogo.

6. Nianze vipi swali ambalo sijawahi kuliona?

Kwanza usiulize "hili linatumia fomula gani". Mwaka 1981 Chi, Feltovich na Glaser waliwapa wanafunzi wa mwanzo na wataalamu maswali ya fizikia wayapange kwa makundi. Wanafunzi waliyapanga kwa vitu vinavyoonekana: haya ya mteremko, haya ya springi, haya ya kapi. Wataalamu waliyapanga kwa kanuni inayoyafungua: haya ya hifadhi ya nishati, haya ya sheria ya pili ya Newton. Swali la mteremko na swali la springi vinaweza kuwa swali moja.

Tuchukue mfano. Basi linakwenda 72 km/h kuelekea Chalinze. Dereva anakanyaga breki, magurudumu yanakaza na kuburuta. Kizidishi cha msuguano kati ya matairi na lami ni 0.5. Basi litasimama baada ya umbali gani?

Chora. Basi ni kisanduku; kuna uzito chini, lami inasukuma juu, msuguano unarudisha nyuma. Hakuna mshale wa mbele, na kama umechora mshale wa mbele nenda Swali la 8 kwanza. Sasa jiulize nini kinabadilika na nani anakibadilisha: nishati mwendo inaisha, msuguano ndio unaoila. Andika ½mv² = μmgd. Angalia, m imejikata pande zote mbili. Swali halikukupa tungamo kwa sababu hukulihitaji, na wewe ulishaanza kulalamika kwamba swali lina makosa. d = v²/(2μg). Weka 20 m/s (namba za km/h zisiingie humu kamwe), unapata 400/(2 × 0.5 × 9.8), karibu meta 41.

Usifunge daftari hapo. Kasi ikiwa mara mbili, umbali unakuwa mara nne: inaingia akilini? Msuguano ukielekea sifuri, umbali unakwenda bila mwisho: ndivyo gari linavyofanya kwenye tope. Jibu lako lina kipimo cha meta? Dakika mbili za kulihoji jibu zimeniokolea alama nyingi kuliko kitu kingine chochote nilichojifunza chuoni.

7. Nikariri fomula ngapi?

Chache kuliko unavyofikiri. Zile nne za mwendo wa mchapuko usiobadilika zote ni mtoto wa moja: mchapuko ni badiliko la kasi kwa wakati. Na v² = u² + 2as, ukiizidisha kwa ½m, ni hifadhi ya nishati imevaa nguo nyingine; umeiona kwenye basi la Swali la 6. Ugonjwa mkubwa ni kupeleka v = u + at kwenye springi au kwenye pendulamu, ambako mchapuko unabadilika kila nukta. Kila fomula unayoiandika kwenye karatasi yako ya marudio, andika pembeni yake lini *haifanyi kazi*. Ukishindwa kuandika hilo, hiyo fomula bado si yako.

8. Mpira ukirushwa juu, ukifika kileleni una kani ngapi? Tumebishana bweni zima.

Moja. Uzito wake, kuelekea chini (tukiacha hewa). Njiani kwenda juu: moja, ileile. Wakati wa kushuka: moja, ileile. Ile "kani ya mkono" ilikufa mpira ulipoachana na mkono. Kinachoupeleka juu ni kwamba tayari ulikuwa na kasi ya kwenda juu, na kasi haihitaji kani ya kuilisha.

Kama umesoma hayo na moyoni bado unasema "lakini lazima kuna kitu kinausukuma", karibu. Nami nilikuwa hapo, na A yangu mkononi. Aristotle aliamini hivyo, na watu waliosoma kwa karne nyingi baada yake nao pia. Mwaka 1992 Hestenes, Wells na Swackhamer walichapisha jaribio la maswali ya kuchagua, yasiyo na hesabu yoyote, ya namna hii hii: lori limegongana na gari dogo, nani kampiga mwenzake kwa kani kubwa zaidi? (Ni sawasawa. Gari dogo linaumia zaidi kwa sababu tungamo lake ni dogo, mchapuko wake ni mkubwa.) Eric Mazur wa Harvard alikuwa akifundisha wanafunzi wanaosolvu maswali magumu bila shida, alipowapa maswali ya aina hii wengi wakakwama, naye akabadili namna yake yote ya kufundisha. Kwa hiyo bweni lenu haliko peke yake.

Dawa ni kutabiri kwanza. Kabla ya kusolvu, andika kwa sentensi moja unachodhani kitatokea na kwa nini. Ukikosea, usifute. Acha kosa likae hapo lionekane, maana picha ya zamani haiondoki kwa kuambiwa mara moja. Inarudi hasa ukiwa umechoka, kama kwenye swali la nne la UE.

9. Nipambane muda gani kabla ya kuangalia suluhisho? Na vipi kuhusu kuuliza akili mnemba?

Dakika 20 za kupambana kweli: umechora, umeandika unachojua, umejaribu njia mbili. Baada ya hapo angalia mstari *mmoja* wa suluhisho, funga, endelea.

Programu za akili mnemba zinasolvu maswali mengi ya mwaka wa kwanza, na nyingine zinakosea alama za kutoa na vipimo huku zikijiamini kama mwanasiasa. Hatari kubwa lakini ni wakati zinapopatia: unasoma suluhisho, kila mstari unaeleweka, na umerudi kwenye siti ya mbele ya daladala (Swali la 5). Ukitaka kuzitumia, zipe suluhisho *lako* uziulize kosa liko mstari wa ngapi, bila kukuambia jibu. Kisha thibitisha mwenyewe.

## Mhadhiri, kundi na lugha

10. Mhadhiri anasoma slaidi tu. Nifanye nini?

Soma mada kabla ya kipindi, hata kurasa tatu, uingie na swali moja. Slaidi zinakuwa na faida kidogo ukijua unatafuta nini ndani yake. Kuhusu kumbadilisha mhadhiri, sina ushauri.

11. Naogopa kuuliza mbele ya watu 300. Wakinicheka je?

Wanaweza kukucheka. Walimcheka Erasto Mpemba.

Mwaka 1963, akiwa kidato cha tatu Magamba, wanafunzi walikuwa wakitengeneza ice cream: unachemsha maziwa na sukari, unaacha yapoe, unaweka kwenye friza. Nafasi za friza zikawa zinaisha, Mpemba akaweka yake yakiwa bado ya moto. Yakaganda kabla ya yale ya mwenzake ambaye, kwa kuwahi nafasi, hakuyachemsha kabisa. Akamuuliza mwalimu, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, aliuliza tena. Mwalimu akamwambia hiyo ni fizikia ya Mpemba, na darasa likaligeuza neno hilo kuwa utani wa kumkejeli kila alipokosea. Kisha Denis Osborne, mwanafizikia wa kilichokuwa University College, Dar es Salaam (sasa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), akaja kutoa mhadhara pale shuleni. Mpemba akasimama: maji ya nyuzi 35 na maji ya nyuzi 100, ujazo sawa, kwenye friza moja, ya moto yanaganda kwanza, kwa nini? Wenzake wakacheka. Osborne hakujua jibu, akarudi chuoni kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha pamoja kwenye jarida la *Physics Education*, na jambo hilo likachukua jina lake duniani kote.

Nyongeza ninayoipenda mimi: hadi leo wanafizikia hawajakubaliana. Mwaka 2016 Burridge na Linden wa Uingereza walipima na kuandika kwamba hawakuona ushahidi wa kutosha. Swali la mtoto wa kidato cha tatu limewaweka watu wazima kwenye maabara kwa zaidi ya nusu karne.

Kama 300 ni wengi mno, nenda ofisini kwake saa za wanafunzi, ukiwa na karatasi yenye ulipofikia. "Sijaelewa sura ya tatu" inachosha kusikia. "Nimefika mstari huu, sijui kwa nini alama inageuka kuwa ya kutoa" inajibiwa kwa dakika mbili, shikamoo ikiwa imeshapita.

12. Diskasheni zinasaidia au zinapoteza muda?

Inategemea nani ameshika kalamu. Kwenye makundi mengi kichwa mmoja anasolvu, saba wanapiga picha kwa simu. Hiyo ni mhadhara mwingine, tena usio na kiyoyozi. Wawe watatu au wanne. Kila mmoja ajaribu peke yake kabla ya kuja. Anayesimama ubaoni awe ambaye hakulipata swali, na kichwa aruhusiwe kuuliza tu, "kwa nini?" Nanyi mkimaliza swali, mmoja alisimulie lote kwa mdomo bila kuandika. Mkishindwa kulisimulia, hamjalimaliza.

13. Kiingereza changu kinanikwamisha. Swali nalielewa nikiambiwa kwa Kiswahili.

Basi diskasini kwa Kiswahili, bila aibu yoyote, na mwandike kwa Kiingereza, kwa sababu pepa ni ya Kiingereza. Kuwaza kwa lugha unayoimudu kunakuachia nafasi ya fizikia.

Kuna mtego mmoja. Kiswahili cha mtaani kina neno "nguvu" linalobeba kila kitu: mtu ana nguvu, umeme una nguvu, injini ina nguvu, amesukuma kwa nguvu. Fizikia inayatenganisha hayo kuwa vitu vitatu vyenye vipimo vitatu: kani kwa newton, nishati kwa joule, na kasi ya kutumia nishati kwa wati. Vivyo hivyo "uzito": gunia la kilo 50 dukani ni tungamo, uzito wake ni newton 490 hivi. Na "kazi": ukisimama na ndoo kichwani nusu saa umechoka kweli, lakini ndoo haijasogea, hivyo kwa fizikia hujaifanyia kazi yoyote. (Misuli yako imeteketeza nishati, ndiyo maana unachoka. Hili huulizwa kila mwaka, kwa hasira.)

Tengeneza daftari dogo la vitenzi vya maswali pia. Kuthibitisha, kukadiria, kukokotoa na kueleza vinadai majibu tofauti, na nimeona watu wakikokotoa kurasa mbili pale walipoambiwa wakadirie.

## Maabara

14. Nimepata g = 9.7 kwa pendulamu, na vitabu vinasema 9.81. Nirekebishe data?

Usipike. Tena ukipika kufikia 9.81 utakuwa umepika chakula cha London. Dar es Salaam iko karibu na ikweta. Dunia ni pana zaidi huku na mzunguko wake unakupunguzia kidogo, hivyo g yetu ni karibu 9.78. Kila mwaka napokea ripoti kadhaa zenye 9.81 kamili.

Kinachotafutwa kwenye ripoti ni wewe kusema unaiamini namba yako kiasi gani. Pendulamu ya meta 1 inachukua karibu sekunde 2 kwa mzunguko. Ukipima mizunguko 20 ni sekunde 40. Kidole chako kwenye saa kinakosea labda sekunde 0.2, yaani nusu asilimia. Kwa kuwa g inategemea muda wa mzunguko mmoja kwa kipeo cha pili, kosa linakuwa mara mbili, asilimia 1. Andika 9.7 ± 0.1. Hapo 9.78 imo ndani, na umesema kweli. Ukipima mzunguko mmoja tu, kosa hilohilo la kidole linakula asilimia 20 ya g. Hiyo ndiyo sababu ya kuhesabu 20, na ukiiandika kwenye ripoti unapata alama ambazo wapishi hawazipati.

15. Mimi ni msichana, kwenye kundi la maabara huniachia kuandika data tu, wavulana ndio wanashika vifaa.

Unaandika vizuri, wanasema. Wanasema hivyo kila kundi. Kabla ya jaribio la wiki ijayo, pendekeza zamu: nani anapima, nani anaunga saketi, nani anaandika, na zamu zizunguke kila wiki. Ukiliweka kama utaratibu wa kundi, mara nyingi linapita bila ugomvi. Likigoma, mwambie fundi wa maabara au msimamizi, usisubiri mwisho wa semesta. Kwenye mtihani wa vitendo utakuwa peke yako na vifaa.

## Test, UE, sapu

16. Imebaki wiki moja na sijagusa kitu. Kuna la kufanya?

Kuna la kuokoa, siyo la kumaliza. Chukua pastipepa za miaka minne, uhesabu mada zinazojirudia. Chagua tatu. Kwa kila moja solvu maswali manne kwa mtindo wa Swali la 5, na pepa moja nzima uifanye kwa saa ukiwa umeketi mezani. Lala. Mtu aliyekesha anachora mshale wa mbele kwenye basi.

17. Nikikwama katikati ya swali la UE nifanye nini?

Pepa ya saa 3 yenye maswali matano inakupa dakika 36 kwa swali. Ukifika 36, hama. Alama za mwanzo za kila swali ni rahisi kuliko za mwisho: mchoro, kanuni kwa maneno, mlinganyo wa kwanza. Kama kipengele (a) kimekushinda na (b) kinahitaji jibu lake, liite a₀, andika "tuseme jibu la (a) ni a₀", uendelee. Wasahihishaji wengi hutoa alama za njia. Na ukiona jibu lako haliingii akilini, andika hivyo: "kasi hii imezidi ya mwanga, kuna kosa mahali." Mimi nikisahihisha, humpa alama anayesema hivyo.

18. Nimepata sapu. Maisha yameisha?

Hapana. Kwenye vyuo vingi sapu unaifanya kabla ya mwaka mpya wa masomo, na hata ukifaulu vipi alama ya juu ni C. Kwa hiyo GPA itajeruhiwa kwenye kozi hiyo. Soma kanuni za mitihani za chuo chako mwenyewe, hasa kuhusu kiwango cha GPA cha kudisko (kuondolewa chuoni) na kama CA yako inahesabiwa tena. Usitegemee simulizi za kwenye korido.

Makosa ya watu wa sapu ni kurudi kwenye madesa yaleyale kwa namna ileile. Tafuta tundu lako (Swali la 2). Mimi wiki sita za likizo nilichora kani tu. Kila nilichokiona: ngazi iliyoegemea ukuta, mama na ndoo, bodaboda kwenye kona.

## Mengineyo

19. Sina laptop na bando ni la shida.

Simu inatosha kwa sehemu kubwa. OpenStax ya Rice University ina vitabu vya fizikia ya chuo vya bure kabisa; pakua mara moja kwenye Wi-Fi ya maktaba. PhET, mradi ulioanzishwa na Carl Wieman, mshindi wa Nobel, huko Colorado mwaka 2002, una majaribio ya kuchezea kwenye skrini, mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili, nayo yanaweza kupakuliwa na kutumika bila intaneti. Video zina ladha lakini zinakula bando na zinakurudisha kwenye siti ya mbele.

20. Silali, sili, na nimeanza kufikiria kuacha chuo au zaidi ya hapo.

Weka fizikia chini leo. Mwambie mtu mmoja kwa mdomo wako, rafiki wa chumbani au ndugu, na mwende pamoja ofisi ya mlezi wa wanafunzi au zahanati ya chuo. Washauri wapo na kuahirisha masomo kwa sababu za kiafya kuna utaratibu wake. Kubadili programu nako kuna tarehe zake, mapema mwaka wa kwanza, na si kushindwa. Nina rafiki aliyehamia takwimu, sasa ndiye anayenikopesha.

21. Kalkuleta yangu inatoa majibu ya ajabu, fomula ni sahihi kabisa.

Iko kwenye radiani. Bonyeza sine ya 30. Ikikuletea 0.5, kosa ni lako, rudi Swali la 6. Ikikuletea −0.988, kosa ni la aliyeiazima jana usiku. Mimi nililigundua baada ya kukusanya pepa, nikiwa nje, namwonyesha mwenzangu jinsi mteremko ulivyotoa msuguano hasi.